Ushuru sifuri ni wa nani? Jinsi ya kusoma kanuni za uasilia kwenye mkataba wa biashara huria

Mkataba wa biashara huria ukishasainiwa habari inayosambaa huwa ni moja, ushuru umeshuka mpaka sifuri, na watu wanaanza kupiga hesabu hapo hapo, hii bidhaa ilikuwa inatozwa 12% sasa haitozwi kitu kwa hiyo tutauza mara mbili. Hesabu hiyo ina tundu. Sifuri haipewi mzigo wowote unaopakiwa nchi mwanachama, inapewa mzigo ambao asili yake ni nchi mwanachama, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kinachoamua ni kanuni za uasilia wa bidhaa, ambazo ukifungua mkataba utazikuta huko nyuma kwenye viambatisho, jedwali refu ambalo siku ya kusaini hakuna anayelisoma mbele ya kamera. Mimi nasema mkataba wenyewe uko huko.

Basi haya ni maelezo ya jinsi ya kuzisoma, iwe wewe ni mfanyabiashara unataka kujua mzigo wako utapita au la, ni mwanafunzi, mwandishi wa habari, mtu wa wizara, au umesikia tu kuna mkataba mpya na unataka kujua nani hasa atafaidika. Huhitaji shahada ya sheria, unahitaji subira na kalamu.

Anza na swali la kwa nini zipo

Usiruke hapa, maana ukiruka utadhani kanuni zote ni uonevu. Kwenye eneo la biashara huria kila nchi inabaki na ushuru wake kwa watu wa nje. Tuseme nchi A inatoza baiskeli za kutoka nje 5% na nchi B inatoza 30%, alafu A na B wameondoleana ushuru wao kwa wao. Bila kanuni yoyote, muuzaji wa nchi ya tatu atashusha kontena lake A, atalipa 5%, atavuka nalo mpaka B bila kulipa kitu, na hapo B imekosa mapato na ushuru wake wa 30% umekufa bila bunge lake kuufuta. Kanuni ya uasilia ipo kuziba huo upenyo. B inasema baiskeli ikitoka A naipokea bure, ila nionyeshe kwamba imetengenezwa A kweli.

Kwenye umoja wa forodha ushuru wa nje ni mmoja kwa wanachama wote, kwa hiyo upenyo wenyewe haupo na kwa nadharia kanuni hazina kazi. Kiutendaji zinabaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ni umoja wa forodha tangu 2005 na bado ina kanuni za uasilia, zilizoandikwa upya 2015, kwa sababu nchi wanachama huwa zinaomba ruhusa ya kutoza viwango vyao kwenye bidhaa kadhaa badala ya kile cha pamoja, na tofauti ya viwango ikirudi upenyo nao unarudi.

Sasa tatizo linaanzia hapa. Kuziba upenyo kunahitaji kanuni ya kawaida tu, inatosha kuzuia mtu asipitishe mzigo wa watu wengine na kubandika lebo mpya. Lakini ukishampa mtu kalamu aandike nini maana ya "imetengenezwa hapa", mwenye kiwanda cha vitambaa atakuja kuomba iandikwe kwamba shati sio la hapa mpaka kitambaa nacho kiwe cha hapa, na mwenye kiwanda cha nyuzi atakuja nyuma yake kuomba na uzi. Hapo kanuni haizibi upenyo tena, inamtafutia mtu soko. Unaposoma, kazi yako kubwa ni kutambua hii uliyonayo mkononi ni ya aina gani.

Tafuta namba ya HS kwanza, zote

Kila bidhaa ina namba kwenye mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, mfumo ulioanza kutumika 1988. Tarakimu 2 za kwanza ni sura, 4 ni kichwa, 6 ni kichwa kidogo, na mpaka hapo kwenye 6 nchi zinazotumia mfumo huo zinafanana. Shati la kiume la kitambaa cha kufumwa ni 6205, kitambaa cha pamba ni kama 5208, uzi wa pamba 5205, pamba yenyewe ghafi 5201. Baiskeli ni 8712 na vipuri vyake 8714.

Kosa linalofanyika sana ni mtu kutafuta namba ya bidhaa yake ya mwisho akaishia hapo. Haitoshi. Unahitaji namba ya kila malighafi iliyotoka nje ya eneo la mkataba, mpaka kifungo, kwa sababu kanuni nyingi zinapimwa kwa kulinganisha namba ya kilichoingia kiwandani na namba ya kilichotoka. Kaa na fundi wa kiwandani mwandike orodha nzima, jina, namba, kimetoka wapi, kina thamani gani. Orodha hiyo ndo utaifanyia kazi mpaka mwisho, na ukiikosea namba moja tu majibu yote yanayofuata yanakuwa ya uongo bila wewe kujua.

Soma mstari wako, na usiruke neno "isipokuwa"

Kuna bidhaa ambazo hazina maneno mengi, zimepatikana nchini kikamilifu, mahindi yaliyolimwa pale, madini yaliyochimbwa pale, mnyama aliyezaliwa na kufugwa pale. Hizo zinapita. (Samaki ni kesi nyingine, nitarudi.) Zilizobaki zote, yaani karibu kila kitu cha kiwandani, zinapimwa kwa njia tatu, na mikataba inazichanganya inavyotaka: namba ibadilike, asilimia fulani ya thamani iwe ya ndani, au kazi fulani iliyotajwa kwa jina ifanyike ndani.

Ya namba ibadilike inaonekana nyepesi. Jedwali linasema kwa mfano malighafi za nje lazima ziwe za sura nyingine tofauti na bidhaa yako. Umeleta kitambaa cha sura ya 52, umeshona shati la sura ya 62, sura imebadilika, umepita. Lakini endelea kusoma mstari huo huo. Kwenye NAFTA, mkataba wa Marekani, Kanada na Mexico ulioanza Januari 1994, kanuni ya nguo nyingi za sura ya 62 ilisema mabadiliko kutoka sura yoyote nyingine isipokuwa kutoka vichwa hivi na hivi, na kati ya vilivyotajwa kulikuwa na 5204 mpaka 5212. Angalia tena zile namba. 5204 mpaka 5212 ni nyuzi na vitambaa vya pamba vyote. Kilichobaki nje ya katazo ni 5201 mpaka 5203, yaani pamba ambayo haijasokotwa. Kwa maneno mengine unaruhusiwa kuleta pamba kutoka popote duniani ila kuanzia kusokota uzi na kuendelea, kila kitu kifanyike ndani ya nchi hizo tatu. Hakuna mahali kwenye mstari ule panaposema "tunalinda viwanda vya nyuzi", zimeandikwa namba tu, na namba zinasema hivyo hivyo.

Ndo maana nasema isipokuwa moja inaweza kuwa na uzito kuliko sura nzima ya mkataba. Ukiikuta, chukua kitabu cha HS angalia zile namba zilizokatazwa ni bidhaa gani, kisha jiulize ni nani kwenye nchi wanachama anazitengeneza. Mara nyingi jibu linakuja lenyewe.

Hesabu ya asilimia, hapa tulia

Chukua bidhaa ya bei ya 100. Vitu vilivyotoka nje ya eneo la mkataba vina thamani ya 65. Inabaki 35. Mkataba unaodai thamani ya ndani isiyopungua 40%, kama inavyodaiwa kwa bidhaa nyingi kwenye ASEAN (umoja wa nchi za Asia ya Kusini-Mashariki) na RCEP (mkataba wa nchi hizo na majirani zao kama China na Japani), unakukataa. Mkataba unaoruhusu vya nje mpaka 70% ya bei ya kiwandani, kama EAC kwa bidhaa nyingi, unakukubali. Bidhaa ni ile ile, mafundi ni wale wale, nati haijabadilika hata moja, ila kwa huyu una asili na kwa yule huna.

Kabla hujapiga hesabu hakikisha unajua hiyo 100 ni bei gani. Kuna mikataba inatumia bei ya mlangoni kwa kiwanda, mingine bei mpaka mzigo ukiwa juu ya meli, ambayo ni kubwa zaidi kidogo, na kwenye magari NAFTA ilitumia gharama halisi, ukiondoa vitu kama matangazo na usafirishaji. Asilimia 40 ya hiki sio sawa na asilimia 40 ya kile. Ukilinganisha mikataba miwili kwa kutazama namba peke yake utadanganyika.

Alafu kuna mambo ambayo hii njia inafanya kimya kimya na wengi hawayaoni. Kwanza, inaadhibu nchi yenye mishahara midogo. Thamani inayohesabiwa kuwa ya ndani ni pamoja na mishahara na faida, kwa hiyo ukilipa kidogo, umeongeza kidogo kwenye karatasi, hata kama kazi iliyofanyika ni kubwa kuliko ya jirani anayelipa vizuri. Hili mimi linaniuma kwa kweli, maana mikataba mingi inayosifiwa kwamba inasaidia nchi maskini ina kipimo ambacho umaskini wenyewe unakifanya kiwe kigumu kufikiwa. Pili, inaadhibu ufanisi: kiwanda kikipunguza gharama zake za ndani huku malighafi ya nje ikibaki bei ile ile, uwiano unashuka, unaweza kupoteza asili kwa sababu umekuwa hodari. Tatu, haitulii. Thamani ya fedha ikishuka, malighafi ya nje inapanda bei kwa hesabu ya ndani na bidhaa iliyopita Januari inaweza isipite Juni na hakuna mtu aliyegusa mashine. Kwa hiyo ukiona umepita kwa 41% kwenye kizingiti cha 40% usilale, hiyo sio salama, piga hesabu tena kila bei inapobadilika.

Kitu kinachokusaidia ni kanuni ya kumeza. Kipande kilichotengenezwa ndani kikishapata asili chenyewe, kinahesabiwa chote kuwa cha ndani, hata kama ndani yake kuna chuma cha nje. Na kinyume chake pia kipo kwenye mikataba mingi, kipande kikikosa asili kinahesabiwa chote kuwa cha nje. Basi wakati mwingine kazi sio kubadilisha bidhaa nzima, ni kukisukuma kipande kimoja kikubwa kivuke mstari wake, na hapo bidhaa nzima inavuka nacho. Kuna pia kiwango cha uvumilivu, sehemu ndogo ya malighafi isiyotimiza sharti la kubadili namba inasamehewa, NAFTA ilikuwa 7% kwa bidhaa nyingi na mkataba uliochukua nafasi yake, USMCA, umepandisha mpaka 10%. Ukikosa kwa kidogo angalia hapo kabla hujakata tamaa.

Kazi zisizohesabika, na samaki

Kila mkataba una orodha ya kazi ambazo hata ukizifanya hazikupi asili: kufungasha, kubandika lebo, kuchambua, kuchanganya na maji, kuunganisha vipande kirahisi. Hizi sina shida nazo, ni za kuziba upenyo kweli kweli. Soma tu uone kama kazi yako kuu haimo.

Samaki ndo kesi ya kujifunzia. Ungedhani samaki aliyevuliwa karibu na nchi fulani ni wa nchi hiyo. Kwenye kanuni za Umoja wa Ulaya, samaki aliyevuliwa nje ya bahari ya nchi yenyewe, yaani nje ya maili 12 za baharini kutoka pwani, anapata asili ya meli iliyomvua, meli imesajiliwa wapi, inapeperusha bendera ya nani, na inamilikiwa na nani kwa kiwango cha angalau nusu. Ushuru wa kawaida wa Ulaya kwa jodari wa kopo ni 24%, kwa hiyo msamaha ni mkubwa sana. Nchi yenye kiwanda cha makopo lakini haina meli zake inabaki na njia nyepesi moja, kununua samaki kutoka kwa meli za Ulaya, maana mara nyingi hizo nazo zinahesabika. Sasa jiulize ule msamaha wa 24% umemfaidisha nani. Kiwanda kimepata kitu, ndiyo, ajira zipo, ila na mwenye meli wa Ulaya amepata mteja asiyeweza kwenda kwingine kwa urahisi. Papua New Guinea, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilijadiliana na kupata ruhusa ya kutumia samaki wa meli yoyote kwa bidhaa zilizosindikwa, na ruhusa ile ilipiganiwa sana na kulalamikiwa sana, jambo ambalo linakuonyesha thamani yake.

Nani anaruhusiwa kuhesabiwa kama "ndani"

Hii inaitwa ulimbikizaji na watu wanaipita haraka, wakati inaweza kugeuza majibu yako yote. Swali ni je, malighafi kutoka nchi nyingine mwanachama inahesabiwa kuwa yangu? Kwenye mikataba mingi ndiyo, ila kuna viwango. Kiwango cha kawaida, malighafi ya mwenzako inahesabika ikiwa yenyewe imeshapata asili. Kiwango kipana zaidi, kazi yoyote iliyofanyika ndani ya eneo inajumlishwa hata kama kipande hakikufikia asili. Na kuna ule wa kuvuka mikataba, nchi kadhaa zenye mikataba tofauti lakini kanuni zinazofanana zinakubaliana kuhesabiana, kama ulivyo mfumo wa Ulaya na nchi za kando ya Mediterania.

RCEP, iliyoanza kutumika 1 Januari 2022 na ina nchi 15, ina faida yake kubwa hapo. Nchi nyingi humo tayari zilikuwa na mikataba kati yao na ushuru ulishapungua, kipya kikubwa (ukiacha kwamba Japani na China hazikuwa na mkataba kati yao kabla) ni kwamba kipuri cha nchi moja, kikiunganishwa ya pili na kuuzwa ya tatu, kinahesabiwa ndani ya kanuni moja. Kabla ya hapo ungekuwa na kanuni tofauti kwa kila jozi ya nchi.

Na mfano wa kinyume, ambapo nchi iliyotengeneza bidhaa haihesabiwi kuwa ndani, ni Uingereza na Umoja wa Ulaya tangu 1 Januari 2021. Mkataba wao unasema ushuru sifuri kwa bidhaa zote, watu wakafurahi, kisha maduka yenye maghala Uingereza yakagundua kwamba nguo iliyoshonwa China, ikalipiwa ushuru Uingereza, ikipelekwa dukani Ireland, iliyo ndani ya Umoja wa Ulaya, inatozwa ushuru mwingine, kwa kawaida 12%, kwa sababu nguo ile haijawahi kuwa na asili ya Uingereza. Sifuri ya mkataba ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya nguo ile.

Sasa linganisha faida na usumbufu

Ukishajua unaweza kupita, usidhani utapita bure. Kuna cheti cha uasilia au tamko la msafirishaji, kuna kumbukumbu za kutunza, miaka 5 kwa USMCA, kuna sharti la mzigo kusafiri moja kwa moja au kama umepita bandari ya nchi nyingine usiguswe zaidi ya kushushwa na kupakiwa, na kuna uhakiki ambao unaweza kuja muda mrefu baadaye, forodha wakakuta karatasi hazijibu na wakadai ushuru wote wa nyuma. Anayedaiwa kwa kawaida ni mwagizaji, kwa hiyo mwagizaji mwoga anaweza kukataa kabisa kutumia mkataba hata kama wewe msafirishaji una uhakika. Kwa mzigo mdogo tafuta njia ya mkato iliyowekwa, kwa Ulaya msafirishaji yeyote kwenye mikataba mingi anaweza kujiandikia tamko kwenye invoisi ikiwa thamani haizidi euro 6,000.

Hesabu yake ni hii: chukua ushuru wa kawaida ambao ungelipa bila mkataba, toa ushuru wa mkataba, tofauti hiyo ndo faida yako ya juu kabisa. Weka upande wa pili gharama ya karatasi, na muhimu zaidi, gharama ya kubadilisha malighafi, maana kama ulikuwa unanunua kitambaa cha nje kwa bei nafuu na sasa unalazimika kununua cha ndani cha bei ya juu, hiyo tofauti nayo ni gharama ya mkataba. Upande wa pili ukiwa mzito, lipa ushuru endelea na maisha. Hiyo sio kushindwa.

Magari yanaonyesha hili vizuri. NAFTA ilidai 62.5% ya gharama halisi ya gari itoke ndani ya nchi tatu, USMCA iliyoanza Julai 2020 imepandisha polepole mpaka 75%, imeongeza kwamba 70% ya chuma na aluminiamu kinachonunuliwa na mtengenezaji kiwe cha ndani, na kwamba 40% ya thamani ya gari dogo na 45% ya pikapu itokane na kazi ya watu wanaolipwa angalau dola 16 kwa saa. Ushuru wa kawaida wa Marekani kwa magari madogo kwa miaka mingi ulikuwa 2.5%, kwa pikapu 25%. Unaona tofauti? Mwenye pikapu atafanya kila linalowezekana kutimiza masharti maana adhabu ni robo ya thamani. Mwenye gari dogo, masharti yakizidi ugumu, anaweza kuachana na mkataba akalipa zile 2.5% na kununua vipuri popote, na hapo kanuni iliyokusudiwa kuvuta vipuri ndani inavisukuma nje. Kanuni kali bila faida kubwa nyuma yake haimlazimishi mtu. Na ushuru wa kawaida ukipanda, picha inageuka: Machi 2025 Marekani ilipoweka ushuru mpya kwa bidhaa za Kanada na Mexico ambazo hazikuingia kwa masharti ya USMCA, waagizaji wengi ambao miaka yote hawakujisumbua na karatasi, kwa sababu ushuru wao wa kawaida ulikuwa mdogo au sifuri, walianza kuzijaza kwa haraka. Bidhaa hazikubadilika, kilichopanda ni faida ya kuthibitisha asili.

Fuatilia athari mpaka kwa muuza malighafi

Kama unasoma mkataba kama mchambuzi na sio mfanyabiashara, hapa ndo mahali pa kutumia muda mwingi. Mchumi Jacob Viner alitenganisha mwaka 1950 mambo mawili yanayoweza kutokea nchi zikiondoleana ushuru: biashara mpya inazaliwa, au biashara iliyokuwepo inahamishwa kutoka kwa muuzaji nafuu wa nje kwenda kwa muuzaji ghali wa ndani ya mkataba. Kanuni za uasilia zinafanya ule uhamishaji ufike mpaka kwenye malighafi. Mwenye kiwanda cha chuma cha nchi ya tatu anaweza kupoteza mteja bila ushuru wowote dhidi yake kupanda, kwa sababu tu mteja wake anataka bidhaa yake ipate asili. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu NAFTA ulipima hasa hilo, ukakuta kwamba kanuni zile zilipunguza ukuaji wa manunuzi ya Mexico ya malighafi na vipuri kutoka nchi za nje ya mkataba, ukilinganisha na kutoka kwa wanachama wenzake, kwa wastani wa pointi 30 za asilimia.

Alafu tafuta mahali ambapo bidhaa zile zile, kutoka nchi zile zile, zinaingia masoko mawili yenye kanuni tofauti, maana hapo unaona kanuni ikifanya kazi peke yake au karibu na peke yake. Nguo za Afrika zilikuwa hivyo. Chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000, nchi nyingi za kusini mwa Sahara ziliruhusiwa kushona nguo kwa kitambaa cha popote na bado ziingie bila ushuru. Ulaya nayo ilikuwa inatoa sifuri kwa nchi hizo hizo, ila ilidai hatua mbili, kitambaa kifumwe na nguo ishonwe. Nchi kama Lesotho, isiyo na viwanda vya kufuma vya kutosha, iliuza Marekani nguo zake karibu zote na Ulaya kidogo sana. Kuwa mkweli hapa, ushuru wa Marekani kwa nguo nao ni mkubwa zaidi, fulana ya pamba ni 16.5% wakati Ulaya ni 12%, kwa hiyo sio kanuni peke yake, ila tofauti ya pointi nne na nusu haitoshi kueleza pengo kubwa namna ile. (AGOA sio mkataba wa biashara huria, ni upendeleo wa upande mmoja, lakini kanuni zinafanya kazi vile vile.)

Na ushahidi wa pili ukaja 2011, Ulaya ilipolegeza na kukubali hatua moja tu kwa nchi maskini zaidi. Bangladesh kabla ya hapo nguo zake za niti (kitambaa cha vitanzi vya uzi kinachovutika) kama fulana zilikuwa zinafaidi msamaha vizuri kwa sababu viwanda vya nyuzi na vya kitambaa hicho vipo nchini, ila mashati na suruali za kitambaa cha kufumwa, ambacho sehemu kubwa ilitoka nje, zilikuwa zinalipa ushuru. Baada ya kanuni kulegezwa nguo hizo za kufumwa nazo zikaingia kwenye msamaha. Ushuru ulikuwa sifuri kabla na sifuri baada, kilichobadilika ni mstari mmoja wa kiambatisho.

Ukishaona hilo huwezi kushangaa kwa nini kwenye eneo huru la biashara la Afrika, AfCFTA, biashara iliruhusiwa kuanza 1 Januari 2021 lakini kanuni za nguo na magari zikaendelea kujadiliwa miaka kadhaa baadaye. Nchi zenye viwanda vya nyuzi na vitambaa zinataka kanuni itakayowapa wateja, nchi zenye washonaji tu zinataka uhuru wa kununua kitambaa wanapotaka, na kila upande una hoja, maana ukilegeza sana viwanda vya nyuzi vya bara haviwezi kukua na ukikaza sana hakuna atakayeshona kwa bei ya kuuzika. Mimi binafsi nasimama na kulegeza kwanza. Mshonaji akipata soko leo ndo atakayekuwa mteja wa kiwanda cha kufuma kesho, lakini kiwanda cha kufuma kikilindwa kabla ya washonaji kuwepo kitamuuzia nani?

Andika tarehe pembeni

Kanuni hazikai milele, na hili linawakuta watu waliosoma vizuri kabisa mwaka wa kwanza kisha hawakurudi tena. Magari ya umeme kati ya Uingereza na Ulaya yalipewa kanuni nyepesi ya muda kwa sababu betri nyingi zilitoka Asia. Kanuni ilitakiwa kukazwa Januari 2024, viwanda vya betri vikawa havijafika, na Desemba 2023 pande mbili zikakubaliana kuendelea na ile nyepesi mpaka mwisho wa 2026, la sivyo magari mengi yangeanza kulipa 10%. USMCA nayo ina kifungu cha mapitio ya pamoja Julai 2026. Kwa hiyo kwenye orodha yako ya malighafi, karibu na kila mstari uliotegemea kipindi cha mpito au ruhusa maalum, andika ruhusa hiyo inaisha lini na nani mwenye uwezo wa kuiongeza, na kama mkataba wa kununua malighafi unaotaka kusaini unapita tarehe hiyo, piga hesabu upya kwa kanuni itakayofuata kabla hujasaini.